Maneno ya Mama Monga Niliyoyapunguza

Siku mliponiaga nyuma ya dispensari, kwa bia ya vuguvugu na hotuba mbili ndefu, mliniomba niandike jinsi kazi yetu ya uuguzi ilivyokuwa zamani hapa Elisabethville. Nimekubali kwa sababu miguu yangu imevimba na nimeambiwa nikae, na mtu akikaa lazima ashike kitu mkononi. Sitaandika habari za vyeo, wala za ile medali. Medali iko ndani ya kopo la majani ya chai, na mke wangu huitoa kila anapotaka chai. Nitaandika habari za kazi, na katikati ya kazi kuna mtoto mmoja. Nisipomwandika yeye, mengine yote ni kujaza karatasi.

Mimi ni mtu wa Sakania, kule mpakani, ambako baba yangu alikuwa mtu wa reli. Nyumbani tulisema Kibemba. Mapadri wakanipa Kifaransa, na Kiswahili nikakiokota kwenye treni na kambini kama kila mtu. Niwaambie ukweli mapema: ni lugha hizo tatu zilizonipa kazi, si ujuzi wa dawa. Dawa nilijifunza baadaye, nyingine kwa kuchelewa sana.

Dispensari niliyoanzia ilikuwa ya kambi ya wafanyakazi, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na baraza. Watu wa kambi walikuwa wa kila upande: Waluba wa kaskazini, Wakasai, Wabemba, hata watu wa Rwanda. Daktari alikuwa Mzungu, alikuja asubuhi na kuondoka kabla ya king'ora cha saa sita, kwa kuwa kambi nyingine nayo ilikuwa inamngoja. Sisi wauguzi weusi tulibaki na kila kitu kilichotokea baada ya hapo, na katika kambi mambo mengi hutokea baada ya saa sita.

Siku yangu ya kwanza sikugusa mgonjwa. Ulikuwa mwezi wa sita, baridi inakata masikio, na nilipewa jiwe la kunolea na bakuli la sindano butu. Ninyi mnaopokea sindano mpya ndani ya sanduku hamjui hayo. Tulizinoa, tukazichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, tukazinoa tena, mpaka sindano ikawa fupi kama msumari wa kiatu. Aliyenipa jiwe hilo alikuwa yaya Kazadi, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kambi, muuguzi mkubwa, Mkasai aliyewahi kufanya kazi Kambove kabla ya kuletwa mjini. Alivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi kali, na alikuwa na mikono myepesi kuliko mtu yeyote niliyemwona tangu hapo. Watoto hawakulia kwake. Walilia kwangu kwa miaka miwili mizima.

Alipoona nimejua kunoa na kuchemsha, alinisimamisha kando ya meza ya daktari nitafsiri. Siku ile nilimtafsiria mama mmoja kila neno alilosema, na mama yule alianzia kwenye ndoto ya shangazi yake. Daktari alitazama saa mara tatu. Wagonjwa walipokwisha, yaya Kazadi aliniita barazani.

"Sikia, ndugu yangu," akasema. "Docteur iko na dakika mbili kwa kila muntu. Bantu beko makumi sita pale inje. Ukimupa hadithi ya tante, ule wa mwisho atakufia pale ku mulango. Docteur anatafuta bintu tatu tu: inauma wapi, tangu siku gani, amekunywa nini. Ile ingine, weka mu mufuko."

Lilikuwa shauri zuri. Nasema hivyo hata leo, maana nisingependa mdhani yaya Kazadi alikuwa mtu mbaya. Foleni yetu ilikuwa ndefu kweli, na mtu mwenye kichomi hangojei ndoto ya mtu. Nikajifunza kupunguza. Mama akisema dakika tano, mimi nilisema, "Tumbo, siku tatu, mizizi." Daktari akaandika. Baada ya miaka michache nilikuwa mwepesi hata daktari akanipa jina la Telegramu, na jina hilo likanifurahisha zaidi ya medali. Watu wa foleni nao walifurahi, kwa kuwa ilisogea.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna kapita mmoja mnene, msimamizi wa wafanyakazi, ambaye sindano ilivunjikia ndani ya tako lake, na yaya Kazadi akaitoa huku akimsifia ukubwa wa nyama ili asisikie maumivu. Kuna mwaka wa vichomi, wakati wa vita, watu walipokuwa wakitoka kwenye moto wa tanuru na kuingia kwenye upepo wa baridi na mashati yaliyolowa. Tulizika wengi. Yaya Kazadi mwenyewe alikwenda mwaka uliofuata, kwa kifua hichohicho, na daktari akanikabidhi funguo zake. Sikuwa na mtu wa kuniita barazani tena.

Ni katika miaka hiyo Monga alizaliwa, mtoto wa kike. Baba yake alikuwa mtu wa tanuru, mtulivu, Mluba wa kaskazini, aliyejua kusoma misale yake na hakupenda maneno mengi. Mama yake alikuwa kijana tu. Sote tulimwita Mama Monga, kwa kuwa huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, na baadaye akawa wa pekee. Mnaijua mizani ya kuning'iniza, ile ya kitambaa: kina mama walilazimika kuleta watoto wapimwe kila juma. Monga alipimwa kwa mikono yangu tangu akiwa na siku kumi. Alikuwa na uzito mzuri daima. Kwa mizani hakuwa na ugonjwa wowote.

Lakini mama yake akaanza kuchelewa kuondoka. Wengine walifunga watoto mgongoni na kwenda, yeye alibaki ukutani na khanga mkononi. Monga alipotimiza miaka miwili akaniuliza kama ni kawaida mtoto asimtazame mama usoni. Nikamwambia watoto hawafanani. Alipotimiza mitatu akaniuliza tena, nikamjibu vilevile, nami nikijiona nimemtuliza. Alipotimiza minne alimleta siku ya daktari, akakaa kwenye foleni na wagonjwa wote.

Nawaandikia siku ile kama ilivyokuwa. Foleni ilifika hadi kwenye bomba la maji. Kulikuwa na mtu wa mguu uliopondwa, na dakika za king'ora zilikuwa zinakaribia. Monga alikaa sakafuni karibu na mizani ndogo ya dawa, anakitazama kisahani chake cha shaba, anakizungusha kwa kidole, anakizungusha tena. Daktari akauliza, "Huyu ana nini?" Nikamgeukia mama, naye akasema haya, na nayakumbuka yote, maana nimekuwa na miaka mingi ya kuyakumbuka:

"Munganga, mutoto hasemake. Miaka ine, hata 'mama' hajasema. Lakini anasikia. Siku ya Mungu anaimbaka Kyrie yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, sawa vile bantu ba chorale, hapunguze hata kidogo. Treni ikiwa mbali, shiye hatujaisikia, yeye anaziba masikio. Nikimuita jina, ni sawa naita ukuta. Akitaka maji haombake. Anakamata mukono yangu, anaipeleka ku kikombe, sawa haiko mukono ya mama, iko kintu ya kufungulia. Na nikihamisha kiti moja mu nyumba, analia mpaka niirudishe. Munganga, uniambie: iko bugonjwa gani ile?"

Daktari alikuwa ameshika kalamu. "Anasemaje?" akauliza.

Nami, Telegramu, nikasema, "Mtoto hasemi. Ana miaka minne. Akiitwa haitiki."

Kila neno katika hayo lilikuwa kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Daktari akachukua kengele ya mkono iliyokuwa mezani, akampita Monga kwa nyuma, akaipiga. Monga hakugeuka. Alikuwa anakitazama kisahani. Daktari akaipiga tena, kwa nguvu, hata watu wa barazani wakachungulia, na Monga akazidi kuinamia shaba ile kana kwamba dunia nzima ilikuwa humo. Daktari akaandika kwenye kadi ya mtoto: sourde-muette, yaani kiziwi na bubu. "Mwambie mama," akasema.

Nikamwambia. Mama Monga akatikisa kichwa. "Hapana, munganga. Mwambie ya Kyrie. Mwambie ya treni." Daktari akauliza kama mama ameelewa. Nikatazama foleni, nikatazama mtu wa mguu uliopondwa, damu yake imefika kwenye kizingiti.

"Ameelewa," nikasema.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama yule hakuficha hata punje. Alitoa yote mbele ya watu, na aliyeyaficha ni mimi, nami nilikuwa nalipwa sifa kwa kazi hiyo.

Sasa nitawaambia neno moja kwenye kadi linafanya nini, kwa kuwa ninyi mnaziandika wenyewe siku hizi na naona mnaziandika haraka. Kadi iliposema kiziwi, dada zake Baba Monga wakatafuta ugonjwa masikioni. Wakaleta mganga wa kienyeji kutoka upande wa mto, akamchanja mtoto nyuma ya masikio yote mawili na kumtia mafuta ya moto. Nilisafisha vidonda hivyo mimi mwenyewe, kwa majuma matatu, na Monga alipiga kelele kila nilipomgusa. Mashangazi wakasema kiziwi hazaliwi bure, mama amevunja mwiko akiwa na mimba. Katekisti akasema mtoto asiyesikia hawezi kufundishwa sala. Siku ya Mungu mtoto huyohuyo aliimba Kyrie mbele yake, na katekisti akasema ni muujiza, akaendelea na shughuli zake.

Mama Monga aliendelea kuja. Alikuja kila daktari mpya alipoletwa, na kwetu walibadilika mara nyingi. Kila mmoja aliitazama kadi kwanza. Kadi ilisema kiziwi, kengele ikapigwa, Monga hakugeuka, na daktari akaweka alama chini ya ile ya mwenzake. Alama zikawa nne. Mimi ndiye niliyeisogeza ile kengele.

Alipotimiza miaka saba ikaja barua ya kheri, na huzuni nyingi za kambi zilikuja kwa barua za kheri. Masista wa misheni moja ya mbali walikuwa na nyumba ya watoto viziwi, na nafasi imepatikana. Safari ilikuwa siku mbili za treni. Nilitumwa kituoni kukabidhi karatasi kwa sista aliyekuja kumchukua. Baba Monga alisimama na kofia mkononi. Mama Monga alikuwa amemvalisha mtoto gauni la kijani na kumfungia viazi vilivyochemshwa. Injini ilipopiga filimbi Monga alijitupa chini, ameziba masikio, anapiga kichwa kwenye saruji. Sista akanitazama mimi, kisha akatazama karatasi inayosema kiziwi. Nadhani sista yule alielewa palepale. Nami nilielewa, nikampa karatasi, naye akasaini.

Alikaa huko miezi minane. Barua iliyomrudisha nilipewa niifungue mimi, kwa kuwa daktari wa wakati huo alikuwa likizoni Ulaya. Sista aliandika kwa upole. Alisema mtoto huyu anasikia, na tena anasikia kupita kiasi: kengele ya chakula humtia wazimu, na amekonda kwa kuwa hali kitu ila viazi. Nyumba yao haimfai. Chini, kwa mwandiko mwingine, kulikuwa na neno jipya, arriérée. Mtu aliyechelewa akili. Nalo likaingia kwenye kadi.

Alirudi amenyolewa, na kimo kimeongezeka. Hakumkimbilia mama yake. Aliingia nyumbani, akazunguka vyumba, akagusa kila kiti kilipokuwa, kisha akalala chini ya meza. Mama yake alinieleza hayo dispensari siku ya pili.

"Nilisemaka anasikia," akaniambia.

Hapo ningeweza kusema. Ningemwendea daktari aliporudi likizo, nikamwambia: neno lile la kwanza lilitoka kwangu, nilimkatia mama huyu maneno. Nilikuwa na muda wa kutosha. Sikusema. Nilikuwa na funguo za yaya Kazadi, nilikuwa Telegramu, na niliogopa kuwa si kitu. Nilimpa Mama Monga vidonge vya usingizi ambavyo hakuviomba. Nimeona aibu nyingi katika kazi hii, za watu wengi, lakini hiyo ni yangu na ndiyo iliyonichosha. Miguu si kitu.

Neno la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Baada ya miaka mitatu hivi, mkubwa wa kambi akapanga upya nyumba, na akaandika kwamba watoto wasioweza kusoma shule warudishwe vijijini kwa jamaa zao kabla ya mvua. Jamaa za Monga walikuwa mashangazi, wale wa mganga wa masikio. Wawili kati yao walikuwa wamesharudi kijijini na walikuwa wameanza kusema neno bulozi, yaani uchawi, na mnajua neno hilo likimwangukia mtoto kijijini linaishia wapi. Kuna watoto waliopotea porini na hakuna aliyeuliza.

Mama Monga alikuja na barua hiyo mkononi. Hakulia. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimeanza mvi, naye hajafika hata miaka thelathini na mitano.

"Munganga," akasema, "banamupa jina ya bantu bengine. Kwanza kiziwi, haiko yake. Sasa hii ingine. Miye nataka jina ya kweli. Hata kama iko mubaya, nitaibeba. Lakini iwe yake."

Nikamwambia kwamba daktari mpya anakuja mwezi ule, na kwamba nitamweka wa kwanza kwenye foleni. Ni hicho tu nilichojua kutoa.

Daktari mpya alikuwa mwanamke, kijana, wa kwanza mwanamke kuletwa kwetu. Watu wa tanuru walisitasita kumwonyesha majipu yao. Alikuwa na tabia moja iliyotuudhi wote: aliuliza, kisha akangoja jibu. Siku ile nilimwingiza Mama Monga wa kwanza kama nilivyoahidi, na Monga nyuma yake, miaka kumi na mmoja, mrefu, anatembea kwa vidole vya miguu. Nikaweka kadi mezani na kengele juu ya kadi. Mkono wangu ulifanya hivyo wenyewe.

Daktari alisoma kadi, akaiondoa kengele na kuitia kwenye droo. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: aliketi sakafuni na sketi yake nyeupe. Monga alikuwa amekuta vizibo vya chupa za dawa kwenye kikapu na alikuwa anavipanga mstari, vikubwa kwa vidogo, bila kukosea. Daktari akachukua kizibo kimoja, akakiweka mwisho wa mstari, mahali pake. Monga hakumtazama, lakini hakukiondoa. Daktari akaweka kingine, makusudi, mahali pasipo pake. Monga akakamata mkono wa daktari, akaupeleka kwenye kizibo, akausukuma. Daktari akanigeukia.

"Mwambie mama aanze tangu siku ya kuzaliwa," akaniambia. "Aseme yote. Na wewe usiniachie hata neno."

Nikamwambia foleni imefika bombani.

"Basi itafika barabarani," akasema.

Mama Monga akasema. Alisema kwa muda unaozidi saa, nami nikatafsiri kwa muda huohuo. Ya Kyrie nikayasema, ya treni, ya kiti, ya mkono unaotumwa kama kitu. Ya viazi, na kwamba lazima viwe vimekatwa pande mbili sawa. Ya nywele, kwamba Monga hunusa nywele za mtu kabla ya kukubali akae naye. Kwamba akiwa peke yake huimba mahubiri ya padri kwa sauti ya padri, maneno yote, na hajui maana ya hata moja. Kifaransa changu kilikuwa kimezoea kuruka, na sasa kilibidi kitembee, na kilichoka. Barazani watu walianza kunung'unika, kisha wakanyamaza, maana dirisha lilikuwa wazi na walikuwa wanasikiliza.

Mama alipomaliza, daktari alikuwa ameandika kurasa tatu. Akasema kuna maradhi ambayo yeye mwenyewe ameyasoma tu kwenye jarida la wenzake, maana hata kwao Ulaya ni wachache wanaoyajua. Jina lake ni otisme. Si masikio, si ukosefu wa akili, na wala si kosa la mama. Mtoto amezaliwa hivyo, na dunia inamfikia kwa njia nyingine. Dawa hakuna. Nikamtafsiria mama, polepole, nikarudia yale ya kosa la mama mara mbili ingawa daktari aliyasema mara moja. Mama Monga akalirudia jina lile mara kadhaa kwa sauti ndogo. Kisha akauliza kama mwenye ugonjwa huo hupelekwa mbali. Daktari akasema hapana, huyu akae hapohapo alipozoea, na safari ndiyo itakayomdhuru. Akaandika barua kwa mkubwa wa kambi papo hapo. Mkubwa alinung'unika siku nyingi lakini aliipiga muhuri, na Monga hakwenda kijijini.

Daktari akaichukua kadi ya zamani. Alisoma alama za madaktari mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukabadilika.

"Muulize," akaniambia. "Haya ya wimbo na ya treni ni ya tangu miaka minne. Kwa nini hakuyasema siku ya kwanza?"

Nikatafsiri.

"Nilisema," akajibu Mama Monga.

Nikamwambia daktari kwamba alisema.

"Alimwambia nani?"

Mama Monga alikuwa amejifunza Kifaransa kidogo kwenye darasa la kushona la masista. Nadhani swali hilo alilielewa kabla sijafungua kinywa. Hakunitazama. Aliinama akaanza kuokota vizibo, ananipa nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa pana: daktari wa kwanza alikuwa amerudi kwao zamani, ningeweza kumtaja yeye na hakuna mtu angebisha.

"Aliniambia mimi, daktari," nikasema. "Mimi ndiye niliyemkatia maneno."

Daktari aliniangalia. Hakunikemea, na heri angenikemea. Alichovya kalamu, akalikata neno la kwanza na la pili, akaandika la tatu juu yake, akanirudishia kadi niitie mahali pake sandukuni. Kisha akasema niite mgonjwa anayefuata.

Nilifanya kazi na daktari yule miaka yangu ya mwisho. Foleni ilifika barabarani kweli, na mkubwa wa kambi akalalamika, na wagonjwa wawili watatu wakaenda madukani kwa Wagiriki kununua aspirini badala ya kungoja. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa bora. Mambo matatu ya yaya Kazadi bado yanamwokoa mtu mwenye kichomi. Kumtambua mwenye kichomi na kumtambua mwingine, hiyo ndiyo kazi, na mimi nilihitaji karibu miaka ishirini na mtoto wa watu kuijua.

Lakini siku ile, kabla sijamwita mgonjwa aliyefuata, nilitoka nje nikamkuta Mama Monga kwenye kivuli cha ukuta, anamfunga Monga kitambaa kichwani ili kelele za king'ora zisimshtue sana. Nikaanza kusema. Nikamweleza foleni ya siku ile ilivyokuwa, na mtu wa mguu uliopondwa, na yaya Kazadi alivyotufundisha, na madaktari wa wakati ule walivyokuwa, na kwamba mimi nilikuwa kijana, na kwamba siku ile ya kituo cha treni nilitaka kusema ila sista alikuwa na haraka, na kwamba usiku mwingi...

Aliinua mkono.

"Fupisha, munganga," akasema. "Mutoto iko na njaa."

Nikamwambia nilikosa.

"Ndiyo," akajibu. Akamshika Monga kwa mkono wa gauni, kwa sababu kiganja hakupenda kishikwe, wakashuka njia ya kambi kabla ya king'ora.